Majani ya Chai, Pilipili Manga na Vijidudu Sugu vya Hospitalini



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmewahi kulazwa hospitali, au mmemuuguza mwenzenu aliyelazwa. Mnajua basi kwamba mtu anaweza kuingia wodini kwa ugonjwa mmoja akatoka na mwingine. Anaingia kwa sababu kidole kimebanwa na mashine. Kidole kinashonwa vizuri, na baada ya siku nne kidonda kinaanza kutoa usaha. Daktari anaandika dawa, haifui dafu. Anaandika ya pili, nayo ni kama maji. Ya tatu haipo katika ghala la hospitali, na huko dukani bei yake inakula mshahara wote na kudai mwingine.

Ugonjwa huo wa pili una asili yake. Unaletwa na vijidudu sugu, yaani vijidudu ambavyo dawa tulizozizoea haziviui tena. Leo tumeona vema tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu linamgusa mfanyakazi mara mbili. Linamgusa akiwa mgonjwa. Na linamgusa akiwa kazini, kwa kuwa wataalamu wa nchi nyingi wanachunguza kama kemikali za mimea zinaweza kuzipa nguvu upya dawa zile zilizoshindwa, na mimea hiyo mingi si migeni kwetu. Ni chai, karafuu, pilipili manga. Tunaichuma kwa mikono yetu wenyewe.

HABARI YA MANGATEEN

Tuanzie Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini. Huko kuna mtaa uitwao Mangateen, wenye kambi ya watu waliopoteza makwao katika vita vilivyoanza Desemba 2013 na kuwaka tena mjini Juba Julai 2016. Mwaka 2018 maelfu ya watu walihamia hapo wakitoka katika kambi iliyokuwa chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Msomaji wa Kericho au Tanga asiseme kwamba hayo ni mambo ya mbali. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na wachuuzi, madereva, mafundi na vibarua kutoka Kenya na Uganda wamejaa Juba. Kiswahili chao kinasikika sokoni pamoja na Kiarabu cha Juba. Lori linalopeleka unga na saruji Juba hurudi Mombasa, na vijidudu havisimamishwi mpakani kuulizwa pasi.

Tumeitaja Mangateen kwa sababu mahali pa namna hiyo panatuonyesha waziwazi jinsi usugu unavyozaliwa. Watu wamebanana. Maji ya kunawa ni ya kupimiwa. Kuna vidonda vya risasi, vya moto na vya kujifungua. Dawa zinauzwa kwa kidonge kimoja kimoja, bila cheti cha daktari, na anayenunua hununua kadiri ya fedha iliyomo mkononi siku ile. Mtu mwenye fedha ya vidonge vinne hawezi kununua ishirini na moja. Anameza vinne, homa inashuka, anarudi kutafuta kibarua. Vijidudu dhaifu vimekufa, vile vigumu vimebaki, na sasa vina nafasi yote ya kuzaana. Hakuna haja ya kumlaumu mtu huyo. Tunaomlaumu tuangalie kwanza kambi za vibarua katika mashamba yetu wenyewe, nyumba moja familia mbili, bomba moja kwa safu nzima, na duka la dawa linalouza rangi mbili za kapsuli kwa kila maradhi.

Katika nchi za bonde la Nile watu wana desturi ya kutumia makokwa ya mgunga, ambayo Waarabu wa Sudan huyaita garadi. Huchemshwa kwa koo linalouma, hufukizwa kwa kikohozi, na watengeneza ngozi hulainishia ngozi kwa makokwa hayohayo, maana yana tanini nyingi. Kinachoikaza ngozi ya ng'ombe isioze kina uwezo pia wa kushika protini za vijidudu. Akina mama wanaochemsha garadi kwa hiyo hawafanyi jambo la kipuuzi. Swali linalotukabili ni jingine: je, kitu cha namna hiyo kinaweza kuisaidia dawa ya hospitali, ndani ya damu ya mtu, bila kumdhuru?

Kabla ya kujibu, tuone ukubwa wa tatizo. Katika miaka ya 2001 na 2002 watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,800 waliolazwa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kati ya wale ambao maabara ilithibitisha kuwa wana vijidudu katika damu, asilimia 34.9 walifariki. Vijidudu vilipokuwa vya kundi lile lenye ukuta wa tabaka mbili, ambalo ndilo gumu zaidi kutibu, vifo vilifika asilimia 43.5. Malaria, ambayo sote tunaiogopa, iliua asilimia 20.2 ya waliolazwa nayo. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2007, na watafiti walionyesha kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo kijidudu chake kilikuwa sugu kwayo alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa dunia nzima, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu milioni 1.27 walikufa mwaka 2019 kwa sababu ya vijidudu sugu moja kwa moja, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko sehemu nyingine.

KIJIDUDU KINAVYOJILINDA

Ndugu msomaji, kijidudu ni kidogo mno, lakini kina ulinzi ambao kiwanda kizima kingeuonea wivu. Tunaomba uvumilivu kidogo hapa, kwa sababu bila kuelewa sehemu hii, habari ya mimea itakuwa kama hadithi ya mganga wa njiani.

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928, nayo huua kijidudu kwa kukizuia kisijenge ukuta wake. Kijidudu kisicho na ukuta hupasuka. Lakini baadhi ya vijidudu hutengeneza vimeng'enya vinavyoikata penisilini vipandevipande kabla haijafika kazini. Vingine hubadilisha umbo la ile sehemu ambayo dawa huishika, kama mtu anayebadilisha kitasa cha mlango baada ya kuibiwa funguo. Vingine huziba matundu ya ukuta wa nje ili dawa isiingie. Na vingine, hii ndiyo mbinu tunayotaka muikumbuke, vina pampu. Dawa inaingia kwa mlango mmoja, na pampu inaisukuma nje kwa mlango mwingine kwa haraka ileile, hata isipate muda wa kufanya lolote. Waliowahi kufanya kazi mgodini wakati maji yanaingia wanaelewa: pampu ikiwa nzima, maji yanaweza kuingia mchana kutwa na shimo lisijae.

Ubaya zaidi ni kwamba vijidudu hupeana ujuzi huo. Kijidudu sugu kinaweza kumpa jirani yake, hata asiye wa jamii yake, kipande kidogo cha maagizo ya urithi, na jirani akawa sugu saa ileile. Fleming mwenyewe alionya juu ya usugu alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 1959 ilitolewa methisilini, iliyotengenezwa makusudi isikatwe na vile vimeng'enya. Mwaka 1961 vijidudu vya usaha visivyojali methisilini vilikwisha kuonekana Uingereza. Miaka miwili tu. Vijidudu hivyo, stafilokokasi sugu, leo vimo katika hospitali za dunia nzima, na za Afrika Mashariki zimo.

MMEA UNA AKILI YAKE

Sasa tuje kwenye mimea. Mmea hauwezi kukimbia. Umesimama udongoni siku zote, umezungukwa na vijidudu, kuvu na wadudu, na umejifunza kujitetea kwa kemikali. Jambo hili linajulikana zamani. Lakini kulikuwa na kitendawili: kemikali nyingi za mimea, zikipimwa moja moja maabara, huonekana dhaifu zikilinganishwa na penisilini. Mmea unapona vipi kwa silaha dhaifu namna hiyo?

Mwaka 2000 Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao huko Marekani walitoa jibu moja zuri. Walichunguza mimea ya jamii ya beriberi, vichaka vya miiba vyenye mbao ya njano ndani. Jamaa yake mmoja huota pia katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Kichaka hicho kina kemikali ya njano iitwayo berberini, ambayo ingeweza kuua stafilokokasi lakini hutolewa nje na pampu. Wakagundua kwamba mmea uleule hutengeneza kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui chochote. Kazi yake ni moja: kuiziba pampu. Pampu ikizibwa, berberini inajaa ndani na kijidudu kinakufa. Yaani mmea ulikuwa umekwisha kufikiria jambo ambalo viwanda vya dawa vilikuwa bado vinalisumbukia, kwamba dawa iende na msaidizi wake.

Wazo la dawa na msaidizi si geni hospitalini. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, ambayo wengi wenu mmeandikiwa kwa jino au kwa masikio ya mtoto, imekuwa madukani tangu mwaka 1981. Amoksilini ndiyo inayoua. Klavulani huvishika vile vimeng'enya vikataji. Tofauti ni kwamba klavulani hutoka kwa kijidudu cha udongoni, si kwa mmea. Wanachotafuta watafiti leo ni klavulani ya mimea, hasa kwa ajili ya pampu.

Wachumaji wa chai wa Kericho, Nandi, Mufindi na Rungwe wasikilize hapa. Jani bichi la chai lina kemikali ziitwazo katekini, na moja kubwa miongoni mwake hujulikana kwa herufi EGCG. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Showa, Japani, walitangaza mwaka 2001 kwamba EGCG ikiwekwa pamoja na dawa za ukoo wa penisilini, stafilokokasi sugu anarudi kuwa wa kuuawa na kiasi kidogo cha dawa kuliko kilichohitajika mwanzo. Sababu waliyoieleza ni kwamba katekini hushambulia ukuta uleule wa kijidudu ambao penisilini huushambulia. Wawili wanavunja ukuta mmoja kutoka pande mbili. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba inakizuia pia kimeng'enya kinachokata penisilini.

Lakini chai ipi? Wafanyakazi wa kiwandani wanajua jibu kuliko wanywaji. Jani likinyaushwa, likakatwa na mashine, kisha likaachwa lichachuke mpaka ligeuke rangi ya shaba, katekini nyingi hugeuka kuwa vitu vingine, ndivyo vinavyoipa chai nyeusi rangi na ukali wake. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili mgeuko huo usitokee, na kwa hiyo katekini hubaki. Chai nyingi ya Kenya inayopita mnada wa Mombasa ni nyeusi. Siku katekini zitakapotakiwa na viwanda vya dawa, swali la namna ya kusindika jani, na nani alipwe nini kwa jani hilo, litafika kwenye meza ya majadiliano ya mikataba, na tungependa litukute tumejiandaa.

Pilipili manga nayo ina piperini, ile inayowasha ulimi. Huko Jammu, India, katika taasisi ya utafiti wa dawa ya serikali, watafiti walionyesha mwaka 2006 kwamba piperini huizuia pampu ya stafilokokasi na kuipa nguvu siprofloksasini. Taasisi hiyo haikuishia kwenye vyombo vya maabara. Kwa kushirikiana na kiwanda cha Kihindi cha Cadila ilitoa dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, isoniazidi na piperini kidogo, iliyoanza kuuzwa India mwaka 2009. Rifampisini iliyomo ni miligramu 200 mahali pa 450, kwa sababu piperini husaidia dawa nyingi zaidi kupita kutoka tumboni hadi damuni. Hiyo ni mojawapo ya mara chache sana ambapo kemikali ya mmea imekwenda njia yote, kutoka shambani mpaka kwenye kidonge cha mgonjwa, ikiwa msaidizi wa antibiotiki. Tunaitaja kwa sababu hiyo, si kwa kumshauri mgonjwa wa kifua kikuu aongeze pilipili katika mchuzi apunguze vidonge. Afanyaye hivyo anajiua yeye na kuwaambukiza wenzake wa zamu.

Karafuu za Unguja na Pemba zina mafuta ya yujenoli. Mwaka 2009 watafiti wa India walionyesha kuwa yujenoli ikichanganywa na antibiotiki mbalimbali huzipa nguvu dhidi ya vijidudu vya ule ukuta wa tabaka mbili, kwa kuutoboa. Madaktari wa meno wametumia mafuta ya karafuu kwa miaka mingi, hili nalo bibi zetu walilijua.

Mti mwingine wa kwetu ni ule ambao Wakikuyu huuita muthiga, wenye gome kali kama pilipili, linalotafunwa kwa jino, kikohozi na tumbo. Katika miaka ya 1970 wanakemia waliofanya kazi na kituo cha ICIPE cha Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walikuwa wanatafuta kitu cha kuwazuia viwavijeshi wasile mazao, wakakipata katika mti huo. Mmoja wao, Isao Kubo, alieleza baadaye, mwaka 1988, kwamba kemikali ya jamii hiyo iitwayo poligodiali huzipa nguvu dawa nyingine za kuua kuvu. Kuvu si bakteria, tunajua. Lakini mlolongo wenyewe unapendeza: walikwenda kumtafuta kiwavi, wakarudi na msaidizi wa dawa. Na huko Kamerun, katika Chuo Kikuu cha Dschang, Victor Kuete na wenzake wamepima mimea mingi ya chakula na ya tiba dhidi ya vijidudu vya hospitali vyenye pampu kali, ikiwa peke yake na ikiwa pamoja na antibiotiki. Hiyo ni kazi ya Waafrika kwa mimea ya Afrika, na inasomwa duniani kote.

PENGO KATI YA SAHANI NA MGONJWA

Msomaji atauliza, kama yote hayo ni kweli, kwa nini daktari haandiki chai na penisilini?

Chukua mfano wa resepini. Kemikali hii hutoka katika mizizi ya miti ya jamii ya rauvolfia. Kongo iliuza nje magome ya mizizi hiyo kwa wingi kwa viwanda vya Ulaya na Marekani, kwa kuwa tangu miaka ya 1950 resepini ilikuwa dawa ya shinikizo la damu. Ndugu zetu Wachaga wanamjua jamaa wa karibu wa mti huo, ndio msesewe unaotiwa katika mbege. Mwaka 1991 ilitangazwa Marekani kwamba resepini huzuia pampu za vijidudu. Ilikuwa habari kubwa. Tatizo likawa kipimo. Kiasi cha resepini kinachohitajika kuziba pampu ni kikubwa mno kuliko kile ambacho mwili wa mtu unaweza kuvumilia. Shinikizo la damu lingeanguka, na dawa hiyo hata kwa kipimo cha kawaida huwatia baadhi ya watu huzuni nzito. Pampu ingezibwa na mgonjwa angezimika.

Katekini zina shida ya upande wa pili. Zikinywewa, nyingi huharibika tumboni na ini huzibadilisha, hivyo kinachofika damuni ni kidogo sana kuliko kile kilichoua vijidudu katika sahani ya maabara. Ndiyo maana wengine wanafikiria kwanza kidonda: dawa ya kupaka, bandeji iliyotiwa kemikali hiyo, mahali ambapo dawa haihitaji kupita tumboni. Tena kemikali inayozuia pampu ya kijidudu huenda ikazuia pampu za mwili wetu pia, maana nasi tunazo, kwenye utumbo, ini na figo. Ndivyo piperini inavyofanya kazi ile ya rifampisini, na ndivyo inavyoweza pia kupandisha dawa nyingine damuni mpaka ikawa sumu. Anayetumia dawa za kifafa, za moyo au za Ukimwi asichanganye na dawa ya mitishamba kimya kimya. Amwambie daktari. Na daktari naye asimcheke, kwa maana mgonjwa akichekwa leo, kesho hatasema.

Liko pengo jingine, la fedha, na hili hatuwezi kulipita. Kidonge cha shinikizo la damu humezwa maisha yote. Antibiotiki humezwa siku saba, na iliyo bora zaidi hufungiwa kabatini isitumike ovyo. Kwa mwenye mtaji, hiyo ni biashara mbaya. Mwaka 2018 Novartis ilifunga utafiti wake wa antibiotiki. Mwaka huohuo kampuni ndogo ya Marekani, Achaogen, ilipata kibali cha antibiotiki mpya dhidi ya vijidudu sugu, na Aprili 2019 ikafilisika. Dawa ilikuwepo, wagonjwa walikuwepo, faida haikuwepo. Kwa hiyo kemikali ya mmea ambayo kila mtu anaweza kuipanda, na ambayo ni vigumu mtu mmoja kuimiliki, inamvutia mwekezaji kidogo zaidi. Kazi hiyo itafanywa na taasisi za umma au haitafanywa. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Uganda ina maabara yake ya dawa za mimea tangu miaka ya 1960. Kenya ina KEMRI. Bajeti zao ni jambo la kuulizwa bungeni, na vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuuliza.

Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010, uliokuwa sheria ya kimataifa Oktoba 2014, unasema anayechukua utajiri wa mimea ya nchi fulani kwa utafiti na biashara apate kwanza ridhaa, kisha agawane faida. Mkataba unazitaja serikali na jamii za wenyeji. Mchumaji anayelipwa kwa kilo hatajwi.

YALIYOPO TAYARI

Wakati tunangoja, mmea mmoja tayari unapigana na vijidudu hospitalini kila siku, nao ni muwa. Karibu na Jinja, Uganda, kampuni ya Kijapani iitwayo Saraya ilianza mwaka 2014 kutengeneza dawa ya spiriti ya kusafishia mikono, spiriti yenyewe ikitokana na miwa ya Kakira. Kijidudu kilicho sugu kwa dawa tano hakina usugu kwa spiriti iliyopakwa vizuri mikononi, na mikono ya wahudumu ndiyo gari kubwa la vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Zahanati ya shamba la miwa isiyo na chupa ya spiriti mezani ni aibu, na tumeona zahanati za namna hiyo.

Kisha kuna siku za ugonjwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara kwa mwaka. Sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu. Kidonda cha kawaida kinaweza kupona ndani ya siku saba. Kidonda chenye kijidudu sugu hakiwezi. Kinakwenda wiki tatu, wiki sita, na mtu aliyeumizwa na mashine ya mwajiri anamaliza siku zake za mshahara akiwa bado ana mpira wa dawa mkononi. Msimamo wetu ni kwamba usaha ulioingia katika jeraha la kazini ni sehemu ya jeraha hilo, hata kama uliingia wodini, na uhesabiwe hivyo katika fidia. Wajumbe wa kamati za matawi wanaokwenda kuzungumzia mikataba mwaka huu walidai liandikwe, wasikubali kuambiwa kwamba linaeleweka.

Kwa sababu hiyohiyo, mwenzetu akiruhusiwa kutoka hospitali, aombe aandikiwe katika kadi yake jina la kila dawa aliyopewa na tarehe zake, na kama maabara iliotesha usaha, jina la kijidudu kilichopatikana na dawa zilizoshindwa. Nakala moja aipeleke kwa mjumbe wa tawi siku hiyohiyo, kabla kadi haijalowa mvua.